Chembe Zinazong'aa Ndani ya Seli ya Marehemu

Mtoni, Jumapili, baada ya Isha

Zehra, shoga yangu niliyesoma naye kazi ya maabara, amekuja likizo kutoka Ulaya na kanda ya video ya utafiti wa maabara anayofanyia kazi huko. Nilikwenda kwao kula biriani tu, akaniwekea kanda hiyo.

Seli ya binadamu, hai, inajongea! Ndani yake wamepenyeza chembe ndogo mno, zinawaka nyekundu kama makaa, na seli haikufa. Mie zahanati kila siku naziua seli za damu kwa spiriti kwanza, ndipo rangi ya kuzionyesha kwenye darubini ishike. Niliona wivu, sikatai.

"Seli za nani hizo?"

"Za mama mmoja alikatwa uvimbe wa kizazi. Kafariki zamani. Zinalishwa kwenye chupa, zinazaliana tu."

"Na yeye walishamzika?"

"Si walimzika! We vipi?" Akacheka.

Biriani ikanishinda.

Mama, Mungu amrehemu, alikuwa akitugombeza tukitupa kucha ovyo. Kilichotoka mwilini kifukiwe, alisema. Naye alipokatwa uvimbe wake, kipande kilipelekwa kupimwa. Mie ndiye niliyekitia kwenye chupa, nikamimina formalini, dawa inayoua na kuhifadhi, kwa mkono wangu. Kwa hiyo kilikufa, hilo nina hakika. Haking'ai popote.

Lakini majibu yalipokuja nilichukua karatasi tu. Chupa sikuiulizia. Alipofariki tukamwosha, tukamkafini, nikalia nikijua tumemzika Mama mwili wote.

Kesho kabla ya kazi nakwenda kule kilikopimwa kuiulizia chupa, nikifukie kilichomo. Sijui nitaanzaje kusema.