Kaka, Taa Haikukosea

Kaka mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima ya mdogo kwa mkubwa wake, nikitumaini barua hii itakukuta umeketi, si umelala. Mguu unaendeleaje? Mama aliniambia kwenye simu kwamba plasta inakuwasha na kwamba unaikuna kwa mwiko wake wa jikoni. Mrudishie mwiko wake. Mimi mwili ni mzima. Roho ndiyo inayonisumbua, na sababu utaijua ukivumilia kusoma hadi mwisho.

Uliponiita kwenye kikundi ulisema utanifanya mwigizaji. Nikaja na sauti yangu, nikakabidhiwa ufagio. Yule msimamizi wa jukwaa, ambaye wote tunamwita Shangazi ingawa si shangazi wa mtu, alinitazama juu hadi chini akasema kwanza nijifunze kulia na kushoto. Nilidhani ananitania. Kumbe jukwaani kulia ni kulia kwa mwigizaji anayewatazama watu, si kulia kwa aliyekaa kwenye viti, na kwa wiki nzima nikawa napeleka kiti cha mfalme upande usio wake. Mfalme mwenyewe ulikuwa wewe, na hukunihurumia.

Halafu nikavishwa visikilizio vyenye kipaza sauti, ili nimsikie Shangazi na mafundi. Shangazi akisema “tayari”, fundi wa taa anaweka kidole kwenye swichi. Akisema “sasa”, anabonyeza. Neno hilo halitamkwi ovyo. Siku moja katikati ya mazoezi nilijisahau nikamuuliza Shangazi sasa chai tutakunywa saa ngapi. Betri, fundi wetu wa taa, yule mnyamavu, akatia ukumbi mzima giza. Nilisemwa hadi masikio yakawaka. Ila tangu siku hiyo nilimjua Betri: kwake neno ni neno. Yeye halitangulii, wala haliachi limpite.

Nilichoka, kaka. Kila jioni nilipiga magoti kubandika utepe unaong’aa gizani kwenye ukingo wa ile baraza ya mbao iliyoinuliwa jukwaani, ili taa zikizimwa mwigizaji aone mbao zinapoishia. Mlipita juu yake mkinung’unika. Wewe ulisema unawaka kama macho ya paka na unakuharibia kifo chako cha kifalme. Ndiyo kazi yenyewe hiyo: ukiifanya vizuri hakuna anayejua upo, ukikosea, hata mkata tiketi anakufahamu kwa jina.

Kisha ukaanguka kutoka kwenye baraza hiyo. Taa zilizimwa, nikasikia kishindo, na tangu hapo hakuna kilichokaa sawa. Ulimpigia mwongozaji wa mchezo kutoka hospitali ukamwambia Betri alizima taa kabla ya neno, wewe ukiwa bado unatembea juu ya mbao. Shangazi aliapa kwamba alitamka kwanza. Mwongozaji akamjibu kwamba anamtetea rafiki wa miaka mingi. Betri akaambiwa akae pembeni. Hakubisha. Kila asubuhi anakuja, anaketi kwenye ngazi za nje na kofia yake mapajani, haingii hata mvua ikinyesha. Nikipita na ndoo yangu namwamkia, naye huniuliza, “Kaka yako anaweza kukanyaga?” Ni hilo tu, kila siku.

Wiki iliyopita ukanipigia. Ulitaka mimi, niliyekuwa na visikilizio masikioni, niende kwa mwongozaji niseme taa iliwahi. Ulisema aibu ya kaka ni aibu ya nyumba nzima. Nilikujibu kwamba nimesikia, nawe ukadhani nimekubali.

Nimekwenda, kaka. Nilikwenda jana. Nilimwambia mwongozaji kwamba neno lilitangulia na taa ikalifuata. Kisha nikaweka mezani kwake donge la utepe nililolikuta mfukoni mwa joho lako, siku uliyopelekwa hospitali, nilipokuwa nakusanya maleba ya kufuliwa. Uliubandua wote, ukingo mzima, ukaufinyanga kama tonge. Nilikaa nalo nikingoja ulitaje kwa kinywa chako. Hata uliponipigia nilikuwa bado nakupa nafasi. Ukazungumza juu ya Betri tu.

Mwongozaji aliligeuzageuza donge lile, akaniuliza, “Unajua hili litamfanya nini kaka yako?”

Nikamwambia, “Najua.”

Alitoka mwenyewe hadi kwenye ngazi kumwita Betri. Nafasi yako amepewa mwingine, na ukitaka kurudi, amesema utaanza kuomba radhi kwa Betri, si kwake.

Nilidhani nitajisikia mwepesi. Wapi! Betri alinipita, akaegemeza ngazi, akapanda na kuanza kufuta vumbi kwenye taa zake, nami nikajificha nyuma ya pazia nikalia kwa hasira. Hasira zenyewe ni juu yako. Mimi ndiye niliyekuwa nikikupigia makofi uani ulipokuwa ukiwahutubia kuku, kabla mtu mwingine yeyote hajajua kwamba unaweza. Ungeniambia ukweli ningekwenda nawe kwa mwongozaji, nikakaa upande wako, kulia au kushoto, popote ambapo ungenitaka. Badala yake ulinitaka nimzike mtu mzima mzima.

Mama ataomba umsomee barua hii. Msomee yote au mpe salamu peke yake, hilo nakuachia. Baba mwambie nimepata viatu alivyonitumia. Msamaha sikuombi, kaka, ila nakuombea upone, kuanzia mguuni.

Ni mimi mdogo wako,
Kitindamimba