Mabel na Neno la Jando la Chilangala

Mabel, mwaka umezunguka tangu utuache kule hospitali ya Ndanda, korosho zikiwa ndiyo kwanza zinadondoka, na babu yako Isaka bado hajajua kukaa. Anakaa, anainuka. Anakwenda kwa jirani, anarudi hajasema alichofuata. Bibi yako Ethel anamwambia, "Baba Cecil, utachimba handaki hapo uani." Anajifanya anafukuza kuku.

Kinachomwinua kinajulikana, wala hatutakificha, maana hapa Masasi kimesemwa sokoni na kimesemwa nje ya kanisa: kwamba hukufa kwa homa, umeliwa na jando la Chilangala, kwa sababu ulilisogelea na wewe ni mwanamke. Babu yako ni Mkristo, lakini jandoni kapita, na neno la jando halimtoki mtu sikioni hivi hivi. Bwana Padri kamwambia ni upuuzi. Kaitikia, "Ndiyo, Padri." Usingizi haukuja.

Basi tuseme ilivyokuwa, na wanaosoma wasikie.

Wewe ulikuwa karani wa Bwana wa pensheni, yule Mzungu anayewatazama wazee waliotumikia serikali wakastaafu: askari, matarishi, wanyapara wa barabara. Barua zake ulizipiga chapa wewe, safari zake ulizipanga wewe, wa kumwona leo na wa kumwona kesho ulimwambia wewe. Bwana bila wewe alikuwa jembe lisilo mpini. Na mzee akiingia pale ofisini hukumuuliza jina kwanza. Kwanza shikamoo, kisha kiti, kisha maji, maana hawa wa Newala wanajua maji yanavyotafutwa. Jina lilikuja mwisho, tena ulimwita kwa jina la mwanawe, Baba fulani, naye akatabasamu.

Ila kutulia hukujua, mjukuu wetu, hilo ulilirithi kwa babu yako. Ulikula umesimama. Babu akisema, "Mke wangu, kaa ule," wewe unamjibu, "Mume gani huyu, meno hana, wivu anao!" Nyumba nzima inacheka. Siku hizi hakuna wa kumtania. Mama yako Julia alijaribu siku moja, akalia katikati ya utani.

Sasa, sheria ya ile kazi ilikuwa hivi: mzee lazima Bwana amwone kwa macho yake kila mwaka. Asipoonekana, huhesabiwa amekufa, na pensheni yake inakatwa. Mwaka jana, kiangazi, mkapanda Newala wewe na Bwana, babu yako naye kadandia lori akawasalimie ndugu. Wazee wakaja bomani, wakaonekana. Akabaki mmoja, Mzee Shamte wa Chilangala, aliyekuwa mnyapara wa barabara. Akaja mkewe peke yake.

"Baba Pili yuko jandoni," akasema. "Ndiye mkuu wa jando mwaka huu. Hatoki mpaka wana wapone."

Bwana akatazama saa. "Basi, hakuonekana."

Ukamwambia, "Bwana, yeye hawezi kuja. Sisi tunaweza kwenda."

Mkaenda. Njia ni mchanga mtupu, lori linalia kama mbuzi. Kufika karibu na likumbi, yaani kambi ya wana, wazee wa mlangoni wakapaza sauti: "Simama hapo hapo! Mwanamke haji huku!"

"Nimesimama, baba zangu. Shikamooni!"

"Marahaba. Na huyo Mzungu, kapita jando?"

Loo! Ukajifunika kanga uso mzima, mabega yanacheza kwa kicheko. "Babu, hilo uliza wewe. Mimi mtoto wa kike."

Babu akauliza, kwa adabu zote alizonazo. Bwana akawa mwekundu kama bibo la mkorosho, akatazama juu, akatazama chini.

"Kanyamaza," wakasema wazee. "Basi hajapita. Naye abaki hapo hapo."

Mwingine angegeuza lori. Wewe ukakaa chini barabarani, mgongo umeupa likumbi, kanga kichwani, ukasema Bwana apande juu ya lori, na Baba Pili asimame ndani ya ua wa matawi wa likumbi, juu ya kigogo. Ikawa hivyo. Kichwa cheupe kikachomoza juu ya matawi.

"Nitajuaje ni yeye?" Bwana akauliza.

Hukugeuka. Ukapaza sauti, "Baba Pili, Bwana anasema atakujuaje?"

"Mwambie gari lake lilipokwama mlimani nililisukuma mimi! Nikamwambia tairi lako lina upara kama wewe!"

Bwana akacheka mpaka akashika kofia. "Ndiye! Ndiye huyo!" Akaandika pale pale juu ya lori kwamba kamwona.

Hivyo ndivyo ulivyolisogelea jando, Mabel. Kwa mgongo.

Lakini korosho zilipoanza kudondoka ukashikwa na homa. Ndanda walikuhangaikia sana, masista na madaktari, tunawashukuru. Homa ikapanda kichwani, ukaenda. Tulikuwa hatujaondoa tanga, neno likaanza kutembea.

Juzi tulipokusanyika kaburini, nani katokea kwa lori la Newala? Mzee Shamte, na fimbo yake, na kofia yake ya kiua. Hatukumwalika. Alilisikia neno hukohuko. Akasubiri sala yetu iishe, ndipo akauliza, "Nani kasema jando limemla mtoto huyu?"

Watu wakatazama viatu vyao.

"Jando likichafuliwa, vidonda vya wana haviponi. Huo ndio mwiko, hata mtoto mdogo wa kwetu anaujua. Wana wangu waliingia wazima, wakatoka wazima wote, wakacheza ngoma. Jando lile halikuguswa. Huyu alikaa kwa adabu mpaka wazee wa mlangoni wakasema, angekuwa wa kwetu tungemwoza leo."

Babu yako akamsogelea. "Kweli, Baba Pili?"

"Mzee Isaka, mkuu wa jando ni mimi au watu wa sokoni?"

Basi. Anayetaka kubishana aende Chilangala akabishane na mwenyewe.

Siku ile babu yako alikaa chini, akanywa chai, akaimaliza. Tukasema afadhali. Kikombe kikaoshwa, akainuka tena. Bibi yako akasema, "Baba Cecil! Neno si limekwisha?"

"Neno limekwisha, Mama Cecil. Mtoto ndiye hajarudi."

Wanaokukumbuka ni babu yako Isaka na bibi yako Ethel, baba yako Cecil, mama yako Julia, wadogo zako, wazee wote wa pensheni wa Masasi na Newala, na Mzee Shamte wa Chilangala, aliyesema, "Na mimi niandikeni." Tukamuuliza, kwa undugu gani? Akasema, "Wa kuonekana."

Pumzika wewe, Mabel. Sisi tungali tunakutaja, na hatutaacha.