Ukuta Wangu Umeinama na Darasa Linakwenda Kwenye Maporomoko

Mpendwa mshauri,

Leo ni tarehe tisa Juni, miaka mitatu na miezi miwili tangu niondoke nyumbani, na naandika nimekalia mfuko wa saruji, kwa hiyo unisamehe mwandiko.

Mimi ni kibarua wa ujenzi, nina miaka arobaini na moja, shule niliishia darasa la sita. Mwaka huu nimejiunga na chuo cha ufundi, uashi wa jioni, ili niache kubeba zege nianze kuitwa fundi. Wanafunzi wenzangu ni wa miaka ishirini, wananiita Anko, wakaniingiza kwenye kundi lao la simu na hapo ndipo nilipopotea, maana simu ikilia moyo unaruka, mara mpira, mara keki ya mtu, mara wanapiga picha kwenye ngazi za maktaba, na nikiona picha ambayo simo sipati usingizi, basi naenda kote, mgongo unauma lakini nacheka mpaka mbavu zinauma kuliko mgongo.

Kwenye mtihani wa vitendo tulijenga kona ya matofali. Mimi, mzoefu wa miaka kumi na tano, nikaona timazi, ule uzi wenye uzito nchani, ni mambo ya wanaojifunza. Nikapandisha mistari saba kwa macho tu, maana nje waliomaliza walikuwa wananiita, "Anko, fanya haraka basi, tunakuacha." Mwalimu akashusha timazi, akaniuliza, "Mzee mwenzangu, huu ukuta unamwinamia nani?" Darasa likacheka, hata mimi. Nimefeli.

Marudio ni Jumamosi, nikikosa narudia mwaka mzima. Na Jumamosi hiyohiyo darasa linakwenda kwa basi kutembelea maporomoko ya maji, fulana yangu imeshachapishwa ANKO mgongoni. Niende wapi? Mama watoto nimemwahidi nitarudi Desemba, cheti mkononi.

Anko wa Zege

*

Anko,

Nimecheka, kisha nimekasirika. Kufurahia kupendwa si kosa, hasa kwa mtu aliyekula peke yake miaka mitatu. Lakini hao watoto wamefaulu, ndiyo maana Jumamosi yao iko wazi. Wewe uliona kicheko chao tu, hukuona kwamba walipima kuta zao kwanza.

Leo liandikie kundi: "Siji, nina mtihani." Usieleze zaidi. Waombe wawili waje kesho uwanja wa mazoezi, mmoja ashike timazi, mwingine akuzomee kila ukikadiria kwa macho. Wanaokupenda watakuja. Jumamosi simu mwachie mwalimu, na kila mstari shusha timazi, ngoja itulie, ndipo uendelee.

Basi likiondoka utaumia, tena sana, kama saa moja hivi. Nimemuuliza fundi mmoja, anasema kona iliyonyooka huchukua saa mbili. Kwa hiyo maumivu yatakwisha ungali unajenga.