Pampu Yenye Muhuri wa Risasi

Jumatatu, 5 Septemba 1977. Iringa.

Nakata stensili za kutolea nakala tangu asubuhi. Vidole vyeusi. Baridi inaufanya wino uwe mzito, nimeuweka karibu na jiko. Mchoro wa leo ni wa nozeli za injini ya zamani, ile ya kijivu. Fundi mmoja wa Njombe ametuletea sahihisho: washa ya chini, ile pete bapa, iwe ya shaba. Amejaribu, haivuji tena. Nimechora upya. Nakala zitapanda lori la kanisa na kushuka kila penye karakana.

Ndiyo kazi yangu. Mafundi wanafungua mashine, wananieleza walichokiona, mimi nachora. Anayetaka anachukua. Anayeona kosa anasema, tunarekebisha. Injini ya kijivu sasa hata fundi wa Makete anaitengeneza bila kutuuliza neno.

Dereva wa Mbeya ameleta salamu za Anyosisye, fundi wetu wa huko. Injini mpya za kijani za kuvuta maji visimani zimefika bondeni Usangu, na moja imemshinda. Sijawahi kumsikia Anyosisye akisema kitu kimemshinda. Nimekosa raha mchana kutwa.

Alhamisi, 8 Septemba

Mzee Kihwele, mkuu wa karakana yetu ya kanisa, amempigia simu wakala wa injini za kijani Dar es Salaam. Amepiga kelele kwenye simu mpaka sauti imekauka. Jibu: michoro ni mali ya kampuni, haitolewi. Pampu ya dizeli iliyo kwenye injini imefungwa kwa muhuri wa madini ya risasi. Muhuri ukikatwa, kampuni imejitoa. Wana mtu mmoja wa kuhudumia nyanda zote hizi. Atakuja, ila hawasemi lini.

Kitabu kilichokuja na injini kina picha nzuri ya rangi. Kwenye ukurasa wa matengenezo kimeandika: mwite wakala.

Spea za Nairobi hazipo tangu mpaka ulipofungwa. Mzee amesema niende. Nikapime kwa nje, nichore kinachoonekana. Sioni faida ya kuchora boksi kwa nje. Nitaenda.

Jumanne, 13 Septemba. Mbeya.

Basi liliharibika Makambako. Nimefika mtaa wa Soweto nimejaa vumbi. Tusekile, mke wa Anyosisye, amenipikia ndizi na maharage. Ana mtoto mgongoni, wa pili, mkubwa kwa umri wake. Ananiita wifi, kwa vile mimi na mumewe tulisoma ufundi pamoja na tangu wakati ule naitwa dada yake. Anyosisye walimpeleka kwenye spana. Mimi mwanamke, wakanipeleka kwenye kalamu. Nilikasirika mwaka mzima, kisha nikaizoea, kisha nikaipenda.

Anyosisye amekonda. Hakunitania hata mara moja. Ameniambia tu, "Dada Esta, utakwenda kujionea mwenyewe. Watu wale wanakunywa tope."

Jumatano, 14 Septemba. Bondeni.

Mimi na Anyosisye, Chimala kwa lori la mpunga, kisha bondeni kwa trekta. Joto. Kijiji hiki kimepangwa mwaka juzi. Wengi ni Wasukuma waliotoka kaskazini na ng'ombe wao, na Wasangu wachache. Walikuwa wametawanyika kandokando ya mto. Wakaambiwa wahamie hapa, kutakuwa na kisima kirefu na pampu. Wakahama. Pampu ilifanya kazi miezi michache ikasimama. Kisima ni kirefu mno kwa kamba na ndoo.

Mto sasa ni vidimbwi. Ng'ombe wanasimama humo humo, watu wanachota humo humo.

Tumefikia kwa Mama Kabula. Mume wake yuko na mifugo mbali. Mwanawe wa mwisho, Jilala, anaharisha. Amelala kwenye ngozi, macho yamezama. Mama Kabula anachemsha maji, lakini kuni ziko mbali pia.

Alisema kwa utulivu kabisa: "Walitwambia, hameni muje kwenye bomba. Tumekuja. Bomba liko wapi?"

Nimeona aibu, kana kwamba injini niliileta mimi.

Alhamisi, 15 Septemba

Nimeiona. Ni injini nzuri, sikatai. Imeundwa kwa ustadi. Inawaka, inakohoa, inazima. Tatizo liko ndani ya pampu ya dizeli, na boliti za pampu zina vichwa vya pembe tano. Hakuna spana ya pembe tano kutoka hapa mpaka Dar es Salaam. Kwenye injini ya kijivu spana mbili zinatosha kuifungua yote. Hii imetengenezwa ili sisi tusiiguse.

Anyosisye anataka kukata muhuri. Mimi nimekataa. Tukikata, huyo mtu wa wakala hatashughulika na kijiji tena, na sisi tutaulizwa tumeharibu mali ya umma. Watu wanafungwa kwa neno hujuma. Tumegombana mbele ya mwenyekiti wa kijiji. Mwenyekiti ametuma mtu Chimala akapige simu tena.

Ijumaa, 16 Septemba

Jibu kutoka Dar: wasubiri.

Jumamosi, 17 Septemba

Jilala amekufa asubuhi.

Mama Kabula hakulia kwa sauti. Alikuwa anamkanda miguu, akaendelea kuikanda. Majirani ndio waliomwondoa mikono. Zahanati iko Chimala na trekta lilikuwa halina mafuta.

Tumezika jioni. Ardhi ngumu kama saruji. Anyosisye alichimba pamoja na wanaume wengine. Tulipokuwa tunarudi nikamwambia, "Kata." Hakuniuliza nini.

Jumatatu, 19 Septemba

Amechonga spana ya pembe tano kutokana na nyuma ya jembe. Jana kutwa kwenye tupa. Leo muhuri umekatwa. Mwenyekiti alikuwepo, akasema ametuona na yeye ndiye aliyeturuhusu. Mtu mzima yule.

Anyosisye alitoa kipande kimoja kimoja, akaniwekea kwenye kanga yangu, nikachora. Ndani pachafu, vumbi limepita kwenye chujio na kuziba tundu. Basi. Vumbi tu. Mtoto amekufa kwa vumbi ambalo lingeoshwa kwa dizeli na kitambaa.

Gavana, yaani kile kidude kinachozuia injini isikimbie kupita kiasi, si kama cha injini ya kijivu. Mkono wake unavuta upande mwingine. Umeshikwa na kipini cha madini laini, chembamba kama njiti ya kiberiti. Tumekirudisha kama kilivyokuwa. Hapakuwa na kingine, na hatukujua kama kilihitajika kingine.

Jumanne, 20 Septemba

Maji!

Yametoka saa nne. Mekundu kwanza, halafu meupe. Wanawake wamepiga vigelegele, ng'ombe wakavunja uzio. Anyosisye amelowa mpaka kofia. Mama Kabula alikuja na ndoo yake, akajaza, akasimama nayo kidogo. Akasema asante. Akaenda zake.

Nilitaka kufurahi. Nimefurahi nusu.

Alhamisi, 22 Septemba

Jana sikuandika. Leo naandika kwa sababu nisipoandika nitapasuka.

Jana asubuhi nilikuwa kwenye birika la ng'ombe nikiuchora upya mchoro wangu. Nikasikia mlio wa injini unapanda. Nikadhani ameongeza mafuta. Ukaendelea kupanda. Haukuwa mlio wa injini tena, ulikuwa ukelele. Watu wakakimbia kutoka kwenye kibanda cha injini. Anyosisye alitoka nao. Nilimwona nje, salama. Kisha akavua koti akarudi ndani. Alitaka kuziba hewa. Ndivyo inavyotakiwa, mkono wa mafuta ukikataa unaziba hewa. Mimi mwenyewe ningefanya hivyo. Nilimpigia kelele asiingie. Sidhani alinisikia.

Gurudumu zito la injini likapasuka.

Paa liliondoka. Kipande kimoja kilimpata ubavuni na begani. Tulimpakia kwenye trekta. Nilikalia magunia, kichwa chake mapajani mwangu. Aliniuliza, "Kuna mwingine aliyeumia?" Nikamwambia hakuna. Akasema, "Vizuri." Akasema kitu kwa Kinyakyusa, sikukielewa. Hatukufika barabara kuu.

Jumapili, 25 Septemba. Rungwe.

Tumemzika kwao, kwenye migomba ya baba yake. Mvua ya manyunyu. Watu wengi, mafundi hata kutoka Tunduma. Tusekile hajaniangalia tangu nilipofika. Sijui kama ananilaumu. Ningekuwa yeye ningelaumu.

Jumatano, 28 Septemba. Bondeni.

Nimerudi kwa sababu polisi wa Chimala wanataka maelezo. Nimesema kweli yote. Mwenyekiti naye amesema kweli. Afisa ameandika, ametufukuza kwa mkono. Sijui itafika wapi.

Na mtu wa wakala amekuja. Leo! Kijana wa shati jeupe, mpole, anaitwa Rajabu. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia. Aliangalia kibanda, akaangalia damu iliyokauka, akavua miwani. Aliokota kipande cha muhuri, akasema taratibu, "Msingefungua."

Nikamwonyesha kipini. Nilikuwa nimekitafuta kwenye vyuma asubuhi nzima. Kimekatika katikati, safi kama kilichokatwa kwa kisu. Nikamwuliza kinaitwaje, na kwa nini kimekatika.

Alikigeuzageuza kiganjani. "Sijawahi kukiona, dada. Mimi nabadilisha boksi zima. La zamani linarudi Ulaya. Ndani sijawahi kuona."

"Kwenye kitabu chenu, je?"

"Kuna mstari mmoja. Vipini vya ndani visitumike mara mbili. Sikujua ni vipini gani."

Mstari mmoja. Walikuwa nao.

Boksi jipya alikuwa nalo kwenye gari. Halina tena pa kufungwa. Ameondoka nalo.

Jumatatu, 10 Oktoba. Iringa.

Nimekata stensili ya pampu ya kijani. Vipande vyote, kila kimoja kwa kipimo. Kwenye kipini nimeandika kwa herufi kubwa: KIKISHATOLEWA KITUPWE. WEKA KIPYA. KIKIKATIKA INJINI ITAKIMBIA NA KUUA.

Mzee Kihwele aliusoma mchoro akiwa amesimama. Akasema kampuni itatushtaki, kanisa litaulizwa, mimi nitapoteza kazi. Ni kweli. Nikamwambia injini za kijani zimeshushwa vijiji vingine vinane na vumbi ni lile lile, na mafundi watafungua, tuchore tusichore. Akakaa. Kisha akavua koti, akaenda kwenye mashine ya kutolea nakala, akazungusha mpini mwenyewe.

Ijumaa, 14 Oktoba

Nakala zimeondoka. Kipini cha aina ile bado hatujui tutakichonga kwa madini gani. Risasi ni laini mno, shaba nyekundu labda. Nani atajaribu? Nimeota ule mlio. Sili vizuri.

Dereva anasema watu wa bondeni wameanza kurudi mtoni, kaya moja moja. Mama Kabula alikuwa wa kwanza. Mwenyekiti hakumzuia.

Jumapili, 23 Oktoba

Sikwenda kanisani. Nilikuwa nafua.

Tusekile amekuja. Hakuleta taarifa, amepanda basi tu Mbeya akashuka hapa na mtoto. Nilimkaribisha, nikamwekea chai, hakuigusa. Akasema anataka kuona kile alichokuwa anakifungua mumewe. Watu wanamweleza na haelewi.

Nikatandika mchoro mezani. Nikamweleza polepole. Dizeli inaingia hapa. Inasukumwa hapa. Hapa palijaa vumbi, akapaosha. Huu mkono unazuia mwendo. Alifuatisha kwa kidole, kila mstari. Hasomi sana, lakini alifuata. Mtoto alisinzia kwenye kiti.

Kidole kikafika kwenye kipini.

"Ndicho hiki?"

"Ndicho."

"Kidogo hivi."

"Hapo nimekikuza. Chenyewe ni kidogo zaidi."

Alikiangalia sana. Kisha akauliza maneno yale ya kwenye trekta, ya Kinyakyusa, niliyowatajia watu msibani, yalikuwaje. Nikajaribu kuyatamka kama nilivyoyasikia. Nikakosea, nikajaribu tena. Akatikisa kichwa, hakuyatambua. Nikajaribu mara nyingine. Mwishowe akashika mkono wangu, akasema basi wifi, inatosha.

Amelala na mtoto kitandani kwangu. Mimi niko kwenye mkeka. Chai yake nimeinywa mimi, imepoa.