Hema Halitapigwa Juu ya Adey Zako

Mama yetu Yeshimebet,

Mwaka umegeuka tangu asubuhi ile ya Pagume, ule mwezi wetu mdogo unaofunga mwaka, ulipotutoka ukiwa umelala ubavu, uso umeuelekeza dirishani kwenye adey zako. Nyingi zilikuwa bado matumba. Siku chache tu na ungeziona zimechanua, uani pote njano, lakini kifo hakina adabu. Hatujakisamehe na hatuna mpango wa kukisamehe.

Haya tunayaandika mtaa mzima usome, kwa sababu mtaa mzima una maneno. Mzee Wondafrash, mwenyekiti wa idir yetu, chama kinachotuzika sote, ametuma mtu kusema kwamba ibada ya mwaka wako haitapewa hema mpaka tukubali hema hilo liingie uani, juu ya maua yako. Mwaka jana alitaka hilo hilo siku uliyokufa, akashindwa. Sasa amerudi. Jibu lake limo humu, asome mpaka mwisho. Ila mwenye siku ni wewe, Mama, kwa hiyo tuanze na wewe.

Ulikuwa mkarimu na ulikuwa na mdomo, na hatujui kipi kilitangulia. Ukimpelekea mgonjwa mikate ya injera ya moto, ulimgombeza pale pale kwa kutojifunika vizuri. Nusu ya mtaa huu imekula kutoka jikoni kwako, nusu nyingine imegombezwa na wewe, na wenye bahati walipata vyote viwili. Ulicheka hadi ukafuta machozi kwa ncha ya netela, mtandio wako mweupe. Hata kanisani ulicheka, Mungu anajua.

Na walikucheka wao pia, kwa sababu ya ua hili. Nani hapa kwetu hupanda adey? Adey ni ua la porini, hujiotea lenyewe masika, hufungua Mwaka Mpya, likafa. Mzee Wondafrash alikuwa akipita langoni akikuona umeinama na mvua inakupiga mgongoni, akakuuliza tangu lini Mungu amekuajiri, maana adey hupandwa na Mungu. Ulimjibu bila kuinuka kwamba Mungu ana watu wengi wa kuhudumia, na wewe uko nyumbani tu.

Ukiona vyaelea, vimeundwa. Ulipoletwa hapa bibi harusi, mteremko wote huu wa Entoto uligeuka njano kila Mwaka Mpya na hakuna aliyeuliza ni nani kaupanda. Zikaja nyumba, zikaja kuta, yakaja mawe ya barabara, na adey haipenyi kwenye jiwe. Mwaka mmoja wasichana wakaja mlangoni kutuimbia Mwaka Mpya, mikononi wameshika maua ya plastiki. Ukawapa mkate, ukawasifia sauti. Walipotoka ukamgeukia Baba ukamwambia, "Shiferaw, ua lisilokufa nalo ni ua?" Mvua zilipokatika ulipanda mlimani peke yako, ukarudi umekunja upindo wa gauni, umejaa mbegu. Pale ulipozichuma leo pana ukuta na lango la chuma.

Mbegu zenyewe ni bapa, nyeusi, pumzi tu inazipeperusha. Siku ya kuzimwaga ulitukataza kuongea karibu yako, na mwanao Demissew akipiga chafya ulimtazama kama mwizi. Hukuzifukia, ulizimwaga juu ya udongo mvua za kwanza zikazikandamiza. Samadi ulikataa katakata. Ulisema adey ukiishibisha inanenepa, inalala chini, inasahau kilichoileta. Miche ikisongamana uliing'oa mmoja mmoja kupisha mingine, na kila uliong'oa uliuomba radhi: samahani mwanangu, nafasi ni ndogo.

Demissew hataipenda sehemu hii lakini tunaiandika. Kila mtu hapa anaijua adey ikiwa na ua. Ikiwa majani matupu hakuna anayeijua, inafanana na gugu lolote la kando ya mtaro. Basi Demissew alirudi kutoka mjini Adama na moyo mzuri, akakuta umekwenda kanisani, akaona ua umejaa magugu. Akavua koti akapalilia. Uliporudi nusu ya shamba ilikuwa imelala kwenye ndoo. Ulitandaza nyasi sakafuni, ukakaanga kahawa, ukammiminia kikombe cha kwanza, kimya, cha pili, kimya. Jasho lilikuwa linamtoka. Alipomaliza cha tatu, kile cha baraka, ndipo ukasema, "Haya, mwanangu. Umeng'oa Mwaka Mpya wa mtaa mzima. Piga magoti uurudishe." Akaurudisha mche kwa mche mpaka jioni, wewe umesimama juu yake na mwavuli. Mwavuli ulikuwa wa miche. Hadi leo wasichana wanamwita Demissew Magugu, na anaitika.

Lakini kazi ngumu, Mama, ilikuwa baada ya maua. Adey ikishaanguka petali inabaki vijiti vikavu vya kutia aibu, na majirani walikuja kukuuliza kama hapa nyumbani hatuna mundu. Hukuvigusa. Ulituambia hili ni ua la mwaka mmoja, mzizi wake hauna kesho, kesho yake imo kwenye kichwa kilichokauka. Likikosa kumwaga mbegu mwaka mmoja tu, limekwisha. Wasichana nao uliwafundisha kukata kwa kuacha: shina hili chukua, hili liache lizae. Aliyekata yote aliondoka na sikio jekundu.

Ndiyo maana asubuhi ile uliyokufa, vijana wa idir walipoingia na nguzo begani, na Mzee Wondafrash akanyoosha fimbo kwenye maua na kusema hema lisimame pale, ndipo penye tambarare, mimi Askale binti yako wa kwanza nilikwenda nikasimama katikati. Sikuwa nimelia bado. Hasira ilikuwa imewahi.

Mzee Wondafrash alisema kwa upole, tusimsingizie. Aliniuliza, "Binti yangu, unamlilia mama yako au unalilia majani?"

Nikamwambia, "Mzee, mama nimeshampoteza leo. Haya yakikanyagwa kabla ya mbegu, mwakani hakuna. Hema litasimama barabarani."

Akasema hema la msiba barabarani ni fedheha, magari yatapita wapi, na kwamba adey hupandwa na Mungu, itaota tena. Neno lile lile. Watu wakaanza kuninong'onea nisimwaibishe marehemu. Hapo ndipo Mama Mdogo Etagegn, dada yako, ambaye alikuwa akilia tangu lango la mtaa hadi watu wanahofia kifua chake, alinyamaza ghafla kama redio iliyozimwa. Akaja, akajilaza chali kwenye kijia katikati ya mashina, netela nyeupe yote matopeni. Akawaambia vijana wapige hema wanapotaka, ila wachimbe kaburi pana, wanazika wawili. Kijana mmoja akashindwa kujizuia akacheka, na msibani kicheko kikianza hakina breki. Hata Baba aliinamisha uso. Hema likaenda barabarani.

Magari yalizunguka na hakuna aliyekufa kwa kuzunguka. Dereva mmoja alipiga honi sana, akashuka kutukana, akauliza msiba ni wa nani. Kumbe ulimlisha utotoni. Akavua kofia, akakaa na sisi, akala ngano na dengu za kuchemsha, akasahau gari katikati ya njia.

Tulikaa msiba hadi mkesha wa Mwaka Mpya. Kulipokucha adey zote zilikuwa wazi. Unajua desturi yetu: nyumba yenye msiba haiimbiwi, wala haipelekewi ua. Wasichana wakaja langoni, wamevaa nyeupe, mikono mitupu, wakasimama nje wasijue la kufanya, maana kila mwaka walikata kwetu, na maua mengine yalikuwa ya plastiki tu, sokoni. Wazee wakasema warudi kwao. Baba, ambaye siku zote zile hakuwa amesema kitu, akafungua lango mwenyewe. Akawaambia, "Ingieni mkate maua. Mkaimbe kwa majirani, sisi tutasikia kutoka hapa."

Wakakata kama ulivyowafundisha. Wakatoka kimya, mikono imejaa. Kisha wimbo ukaanza nyumba ya pili, ukaenda ya tatu, ukashuka mtaa mzima, na sisi tumekaa chini tunausikiliza. Baba alijifunika kichwa kwa shuka lake akalia kwa sauti. Tulikuwa hatujawahi kumsikia akilia. Tukalia naye, na tulikulilia vizuri, Mama, kama ulivyostahili.

Masika yaliyofuata mbegu zikaota zenyewe pale pale. Tulipalilia wote, Demissew akisimamiwa. Leo tunapoandika, matumba ni mengi kuliko mwaka jana na mengine yameanza kuonyesha njano.

Sasa ujumbe wa mwenyekiti. Aliyeuleta alisema tumeshaomboleza, tuache ukaidi, mwaka huu barabara ina magari mengi zaidi na idir haitatoa hema kwa watu wanaoheshimu majani kuliko chama. Mimi nilikuwa nimeshafungua kinywa. Baba akaniwekea mkono begani.

Akasema, "Mwambie Wondafrash nashukuru, na hema lake alikunje alale nalo. Mke wangu alikufa siku ya malaika Rufael. Mvua ya Rufael ni ya baraka, watoto wanaivulia nguo waioge. Nani kasema wakubwa tujifiche?"

Yule mjumbe alimtazama Baba, akatazama maua, akaomba maji ya kunywa. Alipomaliza akasema hata yeye, mjumbe, atakuja kwenye ibada.

Basi jibu letu ndilo hilo, na wote walisome. Ibada ya mwaka ya Yeshimebet ni siku ya Rufael, tukitoka kanisani, barabarani mbele ya lango letu. Hema halitakuwepo. Maskini wa kanisani watakula kwanza, kama ulivyotaka. Viti tutavipanga wazi, na mvua ikija itatukuta tumekaa. Anayeogopa kulowa alete mwavuli. Anayemwogopa mwenyekiti abaki kwake. Mzee Wondafrash naye tunamkaribisha kwa heshima zote, kiti chake kitakuwa mbele kabisa, kimeelekea uani, aone vizuri alichokipanda Mungu na mke wa Shiferaw.

Wanaokukumbuka ni mumeo Shiferaw; dada yako Etagegn, ambaye amefua netela yake mara nyingi na doa halitoki, na anasema hataki litoke; watoto wako Askale na Demissew; wajukuu wako wote; na wasichana wa mtaa huu, ambao siku ya Mwaka Mpya watakuja mlangoni petu kwanza kabla ya kwingine kokote, na safari hii wataimba humu ndani.

Hatujakusahau, Mama. Na hatusogei.