Nani Analinda Nchi Isiyo na Jeshi

Eliya mjukuu wangu,

Bibi yako huku Joburg ni mzima. Nauza mikanda mtaa wa Jeppestown na bado nawashinda vijana kwa kelele. Mama yako mdogo kapata kazi saluni, Mungu ashukuriwe.

Umeniuliza kwenye simu, "Bibi, huku Aislandi tulikohamia hakuna jeshi, nani atatulinda?" Eish, umenikumbusha mbali.

Nikiwa msichana nilichoma mishikaki sokoni Bujumbura. Siku moja wanajeshi wa pale wakahamishwa, tukaogopa. Mama Jeni, muuza ndizi, akatucheka: "Nyie mnalia nini? Si ndio walikula mishikaki yenu bure?" Akalaza ufagio juu ya ndizi zake, akaenda kanisani. Pale kwetu ufagio ukilazwa hivyo, soko zima linakulindia. Aliporudi, ndizi zote zipo, na yule mwizi tuliyemjua sote anazifukuzia nzi!

Huko wakubwa wa serikali waliamua kukaa bila jeshi, na ardhi yenyewe inawachemshia maji kwa moto wake wa chini. Nashukuru mmefika. Jifunze majina ya majirani, mjukuu wangu. Mlango ukigongwa, fungua: labda wameleta samaki.

Bibi yako anayekupenda,
Bibi Furaha