Maombi ya Nabwile

Wakonyo, uko? Sikia hii bana.

Si ile semina yangu ya wahadhiri hapa Bungoma, vile watafundisha wanafunzi wasioona? Nilimwita Nabwile, mwanafunzi wao asiyeona, awaambie mwenyewe.

Akasema kitu moja tu: "Nitumieni slaidi kabla ya darasa, simu inisomee."

Ati Daktari Wepukhulu, mmoja wa hao wahadhiri, akasimama. "Tunyooshe mikono, tumwombee macho."

Wakanyoosha wote! Wote, Wakonyo. Mmoja mpaka akalia.

Na mimi nikanyoosha. Mimi mwenye semina!

Wakamaliza. Nabwile akangoja watulie, akauliza polepole, "Amina. Na slaidi?"

Waliinuka wakaenda chai.

"Na slaidi?" Hiyo sauti haitoki masikioni.

Niko stegi nangoja gari ya Kitale. Huu mkono sijui niuweke wapi.